Mama Mkwe Aliyenipa Mkono

Kwa muda mrefu nilijisifu kwamba hakuna mkwe anayependwa Kabras nzima kama ninavyopendwa mimi. Nilikuwa na ushahidi. Mama mkwe wangu alinisalimia kwa mkono. Si ule mkono wa kugusana vidole, bali wa kushika na kutikisa, mkono wake wa pili ukinishika kiwiko na macho yake yakinitazama usoni bila wasiwasi wowote. Nikikaa sebuleni, alikaa kochi moja nami. Chakula kikija, alikula nami sahani zikigusana, akaniongezea mchuzi wa kuku na kuniuliza kama huko mjini tunakulanga vizuri.

Mtu wa huku akisikia hayo atashtuka, na ana haki. Kwetu, mama na mume wa binti yake hawashikani mikono. Wakikutana njiani, hupishana. Hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, na mama mwenye adabu zake akimwona mkwe anaingia kwa mlango wa mbele, yeye hutoka kwa mlango wa nyuma. Hayo yote niliyajua, kwa maana nimekulia Kakamega, si Ulaya. Lakini mama mkwe wangu, Mama Nanjala, ni mtu wa wokovu, tena kiongozi wa akina mama kanisani kwao, ambako kila Jumapili watu wote hupeana mikono, wakubwa kwa wadogo. Nikajiambia ameokoka, mila amezimwaga, na mimi nimebahatika. Wanaume wenzangu wakilalamika kwamba mama wakwe zao wanawakwepa kama mvua, nilikuwa nanyamaza tu na kutabasamu, tabasamu la mtu mwenye siri nzuri.

Naitwa Chrispinus George. Majina mawili ya ubatizo na hakuna hata moja la ukoo, kwa sababu nililelewa kwenye makao ya watoto ya misheni, na hakuna aliyejua nimetoka kwa nani. Leo ninafundisha falsafa katika chuo kikuu hapa mjini. Nikiitaja kazi hiyo watu hunipa pole, kama vile nimewaambia ninaumwa.

Somo langu hasa ni Wajerumani fulani wa miaka mia mbili iliyopita, waliojiuliza inakuwaje mtu akajijua kuwa yeye ni yeye. Jibu lao, nikilitoa maganda, ni kwamba huwezi peke yako. Mtu aliye peke yake tangu kuzaliwa ana macho, ana njaa, anaogopa radi, lakini hawezi kusema "mimi" akamaanisha, mpaka akutane na mwingine atakayemkubali kuwa naye ni mtu. Na huyo mwingine lazima awe mtu huru, ambaye wewe pia umemkubali. Ukipewa heshima na mtu usiyemhesabu kuwa kitu, heshima hiyo haikushibishi.

Nililipenda somo hilo kwa sababu ambazo sikuwaambia wanafunzi. Makao tulikuwa wengi, na tuliitwa kwa mkupuo. Watoto, njooni mle. Watoto, nyamazeni. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kwenda shule kabla sijazoea kwamba kuna jina linalonihusu mimi tu. Kwa hiyo nikisimama darasani kusema kwamba kila mtu ana njaa ya kutambuliwa, nilikuwa nasema kitu ninachokijua tumboni.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aitwaye Mitchel aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo kutambuliwa ni kuangaliwa tu?"

"Kwa kuanzia, ndiyo," nikasema.

"Sasa ng'ombe ya kwetu inaniangalianga sana. Hiyo pia imenitambua?"

Darasa likacheka. Nilimjibu kwa maneno marefu sana, na nikakasirika kimyakimya, kwa sababu yalikuwa marefu bila kuwa jibu. Mwalimu huwa anajua.

Krismasi ikafika, tukaenda Kabras, mimi na mke wangu Maurine. Mdogo wake, Beverlyne, alikuwa ameolewa karibuni na Bravin, dereva wa trekta ya kubeba miwa, nao walitarajiwa siku hiyohiyo. Mimi na Mama Nanjala tulikuwa tumekaa kwenye kochi letu, ungo wa maharagwe uko katikati, yeye anachambua huku ananisimulia jinsi mchungaji wao alivyohubiri mpaka ugali wa watu ukapoa nyumbani. Tulikuwa tunacheka.

Mara trekta ikasikika kwenye lango. Mama aliinuka kama aliyeona nyoka. Ungo ukaruka, maharagwe yakatawanyika sakafuni, na kabla sijauliza kuna nini alikuwa amejifunika leso kichwani na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilichungulia kweli chini ya kochi nikitafuta nyoka.

Bravin akaingia. Alivua kofia, akakohoa, akabaki amesimama karibu na mlango kana kwamba hajui kama kuna mtu ndani. Alikuwa ameiona leso ikikata kona ya jikoni, maana hata mimi niliiona. Lakini aliuliza kwa adabu, "Mama hayuko?" Kisha akageuka, akaelekeza uso ukutani na kuutuliza hapo, ili mama akitaka kupita uani apite. Sauti ya Mama Nanjala ikatoka upande wa pili wa ukuta, laini, ya heshima, sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Omukhwe, mumeamka salama?"

"Tumeamka salama, mama," Bravin akauambia ukuta, na uso wake ukang'aa.

Omukhwe ni mkwe. Miaka yote ile mimi nilikuwa naitwa Chris.

Nilipiga magoti nikaanza kuokota maharagwe, punje moja moja, kwa sababu sikujua pa kuuweka uso wangu. Bravin akaja kunisaidia. Ni kijana mzuri, sina neno naye, lakini siku ile ningependa trekta yake ikwame matopeni hata wiki.

Jioni tukiwa njiani kurudi mjini, nilimuuliza Maurine. Sikumuuliza kwa upole.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Nilipoona anakupa mkono, nilienda nyuma ya choo nikalia."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, Chris."

Niliegesha gari kando ya barabara. Alinieleza taratibu, akiangalia mbele. Mama ananipenda, hilo nisiwe na shaka nalo. Ananiombea kwa jina kila asubuhi. Lakini kwake mimi ni mgeni wa Maurine, mgeni mzuri anayeleta sukari na mkate. Mkwe bado hajafika katika boma lile. Na kwa kuwa mkwe hajafika, Maurine mwenyewe, mwanamke mwenye nyumba yake na kazi yake ya uuguzi, akiwa pale ni msichana ambaye hajaolewa. Ndiyo maana mama alikuwa bado anamtuma kisimani na kumlaza kwenye kile chumba chake cha utotoni, huku mimi nikilazwa kwa wageni. Mimi nilikuwa nimedhani ni mambo ya vitanda.

"Lakini nilikuja," nikasema. "Nimekuja mara ngapi?"

"Ulikuja peke yako."

Hapo nikaelewa. Tulifunga ndoa kwa ofisi ya serikali, mashahidi wakiwa marafiki wawili wenye haraka ya kurudi kazini. Sikuwahi kupeleka watu kwao kwa sababu sikuwa na watu. Sina baba, sina mjomba, sina hata binamu wa kusingizia. Na nisifiche, nilikuwa nimejenga fahari yangu juu ya jambo hilo. Nimejisomesha, nimejioa, nimejitengeneza mwenyewe mpaka kiatu. Nilikuwa nawaambia wanafunzi hakuna awezaye kuwa mtu peke yake, kisha napanda gari langu naenda nyumbani kujisifu kwamba mimi nimeweza.

Mmoja wa wale Wajerumani alikuwa ameliweka wazi kabisa. Alisema kumtambua mtu si kumkodolea macho. Ni kujipunguza wewe mwenyewe kwa ajili yake, kurudi nyuma hatua moja kwa hiari yako ili naye apate nafasi ya kuwa mtu. Nilikuwa nalifundisha hilo kila mwaka na kulitungia swali la mtihani. Kumbe lilikuwa limesimama sebuleni Kabras, limevua kofia, linaongea na ukuta. Na mimi niliyekuwa natazamwa usoni kila ziara nilikuwa nimetambuliwa kama Mitchel anavyotambuliwa na ng'ombe wa kwao, si kama Bravin.

Nilimpigia simu Mzee Makhanu, kaka ya marehemu baba mkwe wangu, ambaye ndiye msemaji wa boma lile. Hakunisumbua. "Lete watu wako tuongee," akasema. "Hata mmoja tu. Lakini awe wako kweli. Usituletee mtu wa kuokota stendi, sisi tunawajuanga."

Mtu mmoja awe wangu kweli. Nilikaa na neno hilo mpaka likaniumiza. Mkuu wa idara yangu alijitolea, akasema ana tai nzuri. Nilimshukuru. Kisha nikamwambia Maurine kwamba Jumamosi ninakwenda Shinyalu.

Huko Shinyalu ndiko anakoishi Mzee Andati. Alikuwa mpishi wa makao yetu mpaka alipostaafu, na sasa ana kishamba cha chai, mahindi kidogo, na mke anayemkaripia kwa mapenzi. Krismasi huwa namtembelea nikiwa na kilo za sukari, kama watu wanavyomtembelea mtu aliyewapikia utotoni. Nilimkuta katikati ya chai, kikapu mgongoni, anachuma. Nilisimama kwenye mstari nikamweleza yote, hata yale maharagwe. Hakucheka. Alichuma mpaka mwisho wa mstari, akashusha kikapu, akajipangusa mikono kwa suruali.

"Sasa unataka nikuje kama nani?" akauliza.

"Kama mlezi wangu."

"Mlezi ni neno ya makao. Wale wazee wataniuliza, huyu ni nani yako. Nitawaambia nini?"

Kazi yangu ni maneno. Ninalipwa kwa maneno. Lakini nilisimama mbele ya mzee yule nikitafuta neno moja dogo la watoto wa chekechea, na halikutaka kutoka. Nilikuwa naogopa kwamba nikilisema, ataniangalia kwa huruma na kunikumbusha kwamba tulikuwa wengi.

"Sema mimi ni mtoto wako," nikasema mwisho. "Kama unaweza."

Andati aliinamia kikapu, akaanza kusawazisha majani ambayo yalikuwa sawa tayari.

"Mimi nimeweza tangu zamani," akasema. "Ulipokuwa na surua, wewe ulilala jikoni kwangu. Sista akauliza kwa nini huyu analala jikoni, nikamwambia kuna joto. Haikuwa joto. Lakini singejiita baba yako mimi mwenyewe, Chrispinus. Mtu anajipaje hiyo? Ilikuwa lazima ukuje uniite."

Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliokuwa tunangoja. Nililia pale katikati ya chai, mtu mzima na shahada zangu, na yeye akanipa kitambaa chake kilichonuka moshi. Nasema wazi kwamba sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko lile swali lake, nikuje kama nani. Nikilikumbuka hata sasa, shukrani inanijaa kifuani mpaka nakosa pa kuiweka.

Tulikwenda Kabras mwezi uliofuata. Andati alivaa koti lake la kanisani na akaja na ndugu zake wawili, ambao walinisalimia asubuhi ile kwa kuniita mtoto wetu kana kwamba wamekuwa wakifanya hivyo tangu nizaliwe. Pale bomani Mzee Makhanu alitukaribisha, tukakaa. Mama Nanjala hakuonekana. Tulisikia tu vyombo jikoni na sauti za wanawake, na harufu ya kuku ikitujia.

"Huyu kijana ni wa nani?" Makhanu akauliza. Ndivyo mambo hayo yanavyoanza, hata kama kijana amekunywa chai kwenye nyumba hiyo miaka.

"Ni wangu," Andati akasema.

"Alizaliwa na nani?"

"Hiyo hatujui. Mimi ndiye nilimlisha. Ni wangu."

Makhanu aliwaangalia wenzake, kisha akamrudia. "Sawa. Na siku binti yetu akilia, sisi tutabisha mlango ya nani?"

"Mtakuja Shinyalu, muulize nyumba ya Andati," akasema. "Na kama nimekufa, hawa ndugu zangu wako hapa, wameona na wamesikia."

Ndugu zake wakaitikia kwa kichwa. Mimi niliangalia viatu vyangu, vile nilivyojinunulia mwenyewe, na sikuona cha kujivunia hata kidogo. Kisha walianza kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari, nami nikatolewa nje kama desturi inavyotaka, nikakaa karibu na zizi pamoja na kuku waliosalimika. Nilifurahi kutolewa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa mtu ambaye watu wamejifungia kumzungumzia.

Tuliondoka jioni bila kumwona mama. Maurine alisema alikuwa na kazi nyingi jikoni, na huenda ilikuwa ni hivyo tu. Nilitaka kuuliza zaidi nikajizuia. Kama ni mila alikuwa anafuata au ni masufuria yaliyomshika, sikuwa na njia ya kujua mpaka tukutane tena ana kwa ana, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuogopa kukutana naye. Mtu aliyekupa mkono miaka yote ana haki ya kuuendeleza. Na kama angenipa, ningejua kwamba wazee wamekubali lakini yeye bado.

Siku moja Maurine akanituma kumpelekea mama dawa zake za presha. Alikuwa zamuni, hakuweza kwenda mwenyewe. Niliacha gari barabarani kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia, nikashika kijia cha miguu kinachopita katikati ya miwa. Ni chembamba, miwa imesimama pande zote mbili kupita kichwa cha mtu. Nilipopinda kona nikamwona anakuja upande wangu, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, jembe mkononi.

Hakukuwa na mtu mwingine wala mlango wa nyuma. Nilisimama. Nakiri kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kuinuka wenyewe, kwa mazoea.

Naye alisimama. Aliniona vizuri kabisa. Kisha akateremsha leso usoni, akanigeuzia mgongo, akaingia kwenye miwa na mzigo wake wote. Majani ya ng'ombe yalinasa kwenye majani ya miwa, akayavuta, yakanasa tena, akaingia hivyohivyo akivunjavunja mpaka nikaona tu pindo la gauni lake na visigino vyenye matope.

Nilibaki pale kama gogo. Ndipo nikakumbuka kwamba hata mimi nina wajibu. Nikarukia upande wangu wa kijia, nikajitosa ndani ya miwa, nikampa mgongo. Majani yale yanakata kama wembe, na yalinikata shingo na masikio. Sikujali.

"Omukhwe," sauti ikatoka ng'ambo. "Mumeamka salama?"

"Tumeamka salama, mama."

"Mke wako hajambo?"

Hakusema Maurine. "Hajambo. Yuko kazini. Amenituma nilete dawa."

"Weka hapo chini, nitachukua. Na baba yako, huko Shinyalu?"

"Baba yangu hajambo," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kama habari ya kawaida.

"Haya, pita basi."

"Pita wewe, mama. Una mzigo."

"Pita, omukhwe. Mimi nitangoja."

Niliweka dawa ukingoni mwa kijia, nikarudi ndani ya miwa, na sikupita. Wala yeye hakupita. Tulisimama hivyo, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimwachia mwenzake njia, na njia ikabaki tupu katikati yetu. Akatokea bwana mmoja wa bodaboda akija polepole kwenye matope. Aliponiona nimejibana ndani ya miwa na tai yangu, akapunguza mwendo.

"Mwalimu, kuna kitu umepoteza?"

"Hapana," nikamwambia. "Namngoja mama mkwe wangu apite."

Aliangalia upande wa pili, akayaona majani yakitikisika. Alizima injini, akavua helmeti, akageuza uso wake mbali, na sote watatu tukangoja.